Mama Kadi Ahamia Linux

Nyumba ya Mama Kadi haikosi watu. Yeye hutengeneza kadi za mialiko pale pale sebuleni, huku mashoga zake wakipiga umbea na kompyuta ikijikongoja. Ukiiwasha, unakunywa chai na kikombe unaosha.

Wiki hiyo alikuwa na kadi za arusi ya mpwa wake. Zilitakiwa Ijumaa. Lakini mfumo endeshi wa kompyuta ulikuwa umezeeka, hauletewi tena masasisho ya usalama.

"Weka Linux, mfumo wa bure," wageni walimwambia.

Linux ipi? Matoleo yake ni mengi, na kila mgeni alikuwa na lake.

"Shemeji, chukua hili la magwiji," alisema mdogo wa mumewe. "Kila amri unaiandika mwenyewe!"

"Kwani mimi gwiji?"

"Utakuwa!"

Mama Kadi akashawishika, na kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta diski ili toleo hilo liingie, mara jirani yao, dada fundi wa kompyuta, akaingia.

"Hodi! Kelele za nini? Ngoja, unafuta? Kadi ziko wapi?"

"Humo humo," alisema Mama Kadi.

"Umezinakili?"

Mama Kadi akatikisa kichwa na kuondoa kidole upesi.

Fundi akanakili mafaili yote kwenye diski ya pembeni. Kisha akauliza, "Mama Kadi, wewe huhamia nyumba usiyoiona?"

"Thubutu! Nachungulia mpaka choo."

"Basi na hii tuichungulie."

Akachomeka flashi yenye Linux Mint, toleo rahisi kwa wanaoanza. Kompyuta ikawaka kwa kutumia flashi hiyo, bila kugusa kitu ndani. Menyu ilikuwa chini kushoto, pale pale alipoizoea.

"Mbona kama kwangu!"

Wakajaribu mtandao. Upo. Printa ikaitika. Lakini kadi ilipofunguliwa kwa LibreOffice, programu yake ya kuandikia, jina la bwana arusi likaruka mstari.

"Aina yako ya herufi haimo," alisema fundi. "Tutaiongeza. Ila wiki ya kazi ya watu si wiki ya kuhama. Maliza kadi kwenye mfumo wa zamani, mtandao ukiwa umezimwa. Jumamosi tunahama."

"Na nikikwama wakati wewe hupo?"

"Toleo hili lina watumiaji wengi. Utakaloliuliza, mtandaoni wenzako wameshalijibu."

"Yaani lina majirani wengi?"

"Tele!"

"Hilo hilo! Mimi siwezi kukaa mahali pasipo watu."

Ijumaa kadi zilitoka, jina la bwana arusi limenyooka. Jumamosi wakahama, na herufi zake zikaongezwa. Siku hizi kompyuta inawaka kabla maji ya chai hayajachemka.

Juzi shemeji alikuja kwa kunyata. Kompyuta yake yenye toleo la magwiji ilikuwa imekataa kutoa sauti, siku ya tatu sasa.

"Shemeji," alinong'ona, "ile flashi bado ipo?"

Mashoga wakatega masikio. Mama Kadi akamvutia kiti.

"Ipo, keti. Ila kwanza niambie: mafaili yako umeyanakili?"