Kasha la Filamu la Bi Ummu

Kamera ilikuwepo. Lenzi yake ilikuwepo, na mkanda wake wa ngozi. Kilichoibwa ni mgongo, lile kasha la nyuma linalobeba filamu.

Inspekta Nusra aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayetazama samaki asiyemjua jina.

"Mwizi gani huyu, Bi Ummu, anayemwacha ng'ombe akachukua nundu?"

"Nundu hiyo haipatikani tena, mwanangu." Bi Ummu alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Kiwanda kiliacha zamani kutengeneza kamera hizi. Mwaka jana niliulizia ng'ambo kasha moja la filamu, kuukuu. Kwa bei ile ningenunua punda wawili na shogi zao."

Bi Ummu alikuwa akipiga picha za harusi za wanawake mjini Lamu kwa miaka arubaini. Kwenye shughuli hizo simu zote hubaki mlangoni, ndani ya kikapu. Kamera yake tu ndiyo iliyoruhusiwa kupita, kwa sababu filamu hairuki kutoka mkono hadi mkono. Aliisafisha mwenyewe, na bibi harusi akakabidhiwa kila kitu.

"Na ndani ya kasha mlikuwa na nini?"

"Kitendawili."

Nusra akatabasamu bila kupenda. "Tega."

"Nyumba yangu haina dirisha. Jua likichungulia, waliomo wote wanakufa."

"Filamu."

"Picha za bibi harusi, Sumeiya. Jana alipotolewa nde, kuonyeshwa kwa wanawake wenzake, kichwa wazi, na dhahabu zake. Nalikwenda sokoni saa nne, mlango nikaurudisha tu. Zikifika kwa watu picha hizo, nani atanifungulia mlango wake tena?"

Konstebo alipaka unga wa alama za vidole. Hakupata hata moja. Kamera ilikuwa imepanguswa vizuri, na tundu la nyuma limefunikwa kitambaa cheupe, safi, vumbi lisiingie.

Nusra alikitazama kitambaa kile muda mrefu. Mwizi mwenye adabu!

"Kasha linabanduliwaje?"

"Halibanduki hivi hivi. Kwanza uchomeke kibati cha kuzuia mwanga. Bila hicho, kamera inaling'ang'ania. Kilikuwa kwenye droo ile, chini ya bahasha."

"Nani ajuaye hayo?"

"Mimi. Na Wazir wa duka la vitu vya kale, anayenibembeleza kila siku nimuuzie. Na marehemu Hamid, fundi wangu. Kibati cha asili kilipovunjika, cha kununua kikakosekana, yeye alinichongea cha shaba."

Wazir alikuwa akipangusa birika dukani mwake.

"Saa nne ulikuwa wapi?"

"Papa hapa, na wageni wawili. Wako hapo nje wanakunywa maji ya tende, waulize."

"Ulilitaka kasha lile."

"Nalilitaka mpaka ndotoni! Lakini ningeiba mimi, Inspekta, ningeiacha lenzi ile? Niwe mwizi na mjinga, vyote kwa siku moja?"

Wageni walithibitisha. Nusra akamfuta Wazir kwenye daftari lake.

Mkabala na mlango wa Bi Ummu aliketi Fawaz, muuza viazi vya karai.

"Aliingia mwanamke, kajifunika, macho tu. Akatoka na kikapu, akashika ndia ya juu."

"Mrefu? Mfupi?"

"Mke wa watu nimpime kwa futi?"

"Mkono ulioshika kikapu je? Uliuona?"

Fawaz alisita, kijiko hewani. "Mkono mtupu. Hata doa la hina haukuwa nalo."

Nusra aliitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na maua ya hina mpaka vifundoni. Wiki nzima mtaa ulikuwa harusini, na hakuna mwanamke aliyeachwa bila kupakwa, hata yeye askari.

Isipokuwa mjane aliye edani, asiyeruhusiwa kujipamba. Naye hakuna ambaye angemtaja, maana aliye edani hatoki kwake mpaka eda iishe.

"Bi Ummu," alisema, "chukua mtandio wako. Twende kwa mjane wa Hamid."

Bi Ruba aliwapokea akiwa na nguo nyeupe, bila wanja wala marashi. Mumewe alikuwa amekufa miezi miwili iliyopita. Sumeiya, bibi harusi, alikuwa mtoto wa ndugu yake, na yeye ndiye aliyemlea.

"Asubuhi ulitoka, Bi Ruba?"

"Mimi nitoke? Na eda hii?"

"Kitambaa ulichofunikia kamera kimetoka kwenye bunda lile." Nusra alinyoosha kidole kitandani, kwenye nguo nyeupe za eda. "Mwizi wa fedha angeiba na lenzi. Wewe uliogopa vumbi."

Kisha Bi Ruba aliinama, akatoa kikapu uvunguni. Kasha lilikuwemo, kibati cha shaba kimechomekwa barabara.

"Hukulifungua," alisema Nusra.

"Ningelifungua, ningemuua mwanangu kwenye picha zote. Na kibati hiki Hamid alikichonga mbele yangu. Mkono ulikataa."

"Basi kwa nini?"

"Jana nilikwenda harusini." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilijifunika, nikasimama nyuma. Nilitaka kumuona tu. Alipopita karibu nikasahau, nikajifunua, nikambusu. Pale pale flashi ikanipiga usoni. Miezi miwili tu ya eda, nami niko kwenye vigelegele! Wakwe zangu wakiiona picha ile watasema sikumlilia mtoto wao. Nami nimemlilia, Inspekta. Wallahi nimemlilia."

Bi Ummu alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, kasha mapajani.

"Ruba," alisema taratibu. "Filamu hii ina picha kumi na mbili tu. Ziliisha kabla Sumeiya hajafika katikati ya chumba. Filamu ya pili nilikuwa nayo, lakini nikaihifadhi, ni ghali, na nyingine haiji mpaka baada ya miezi. Wanawake wakalia, 'Nami! Nami!' Nikawamulikia flashi tu, nisiwavunje moyo."

"Basi... simo?"

"Humo. Nami sishtaki. Inspekta, andika kasha lilipotea, limeonekana."

Nusra alilifunga daftari. Alidhani angeuona uso wa Bi Ruba ukikunjuka kwa faraja. Lakini Bi Ruba alinyoosha mkono wake usio na hina, akagusa shaba aliyochonga mumewe.

"Hata moja, Ummu?" aliuliza. "Mimi na mwanangu, hata moja?"