Zamu ya Kinuthia

Asubuhi ile ya mwaka wa 1968, jirani yetu wa Tseikuru, Kalunde mke wa Mulei Kiema, alikuwa uani akipepeta ndengu mumewe aliporudi kutoka jela. Alikuja miguu mitupu. Jeshi lilimvua buti pamoja na cheo.

Kosa lake lilijulikana. Wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini, alilala lindoni, na adui wakaingia kambini. Evanson Kinuthia, mwana wa mwenye duka kule Sultan Hamud, alikuwa amejilaza hemani akingoja Mulei amwamshe ashike zamu. Aliuawa usingizini. Mahakama ya kijeshi ikampa Mulei kifungo na kazi ngumu.

Nthenya, mama yake Mulei, alitaka mwanawe anyunyiziwe ng'ondu, dawa ya kumtakasa mtu mwenye kifo cha mwenzake mikononi, kabla hajakanyaga shamba.

"Mwaitu, sisi ni watu wa kanisa," Kalunde akamwambia mama mkwe wake. "Na jeshi limeshamhukumu. Nini tena?"

"Jeshi limesema lake. Na marehemu, nani alimwuliza?"

Kalunde akaendelea kupepeta, na ng'ondu haikuletwa. Alikuwa amechoka. Mvua ilikuwa imewanyima misimu mingi, na mawele machache shambani ndiyo yaliyobaki kuwalisha watoto. Mulei, ambaye usingizi ulimhama tangu siku ya hukumu, akapewa kombeo akapanda ulingoni, jukwaa la kulindia shamba, kufukuza kwelea.

"Angalau wewe hutasinzia, Baba Mutindi," Kalunde akamtania.

"Kusinzia?" Mulei hakucheka. "Natamani."

Mawele yalipokaribia kukomaa, Kalunde alimpelekea uji adhuhuri moja. Alipofika katikati ya mabua, ndege walinyamaza. Wote. Kisha akasikia sauti ya mumewe kutoka juu.

"Simama! Nani huyo?"

"Rafiki." Sauti ilikuwa ya chini, yenye lafudhi ya Kikuyu.



"Kinuthia, wewe ulizikwa."

"Nilizikwa. Lakini zamu yangu bado. Shuka, Mulei."

"Mawele ya watoto..."

"Nitayalinda. Wewe lala. Nitakuamsha kama ulivyoniamsha."

Kalunde alitaka kupiga kelele. Akamsikia mumewe akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ngazi ikalia. Mtu akashuka. Mtu akapanda.

Alikimbia. Alimkuta Mulei chini ya ulingo, amejikunja, kiganja chini ya shavu. Akamtikisa. Akamwita Baba Mutindi, kisha akamwita kwa jina lake. Uji ulimwagika. Juu ya kichwa chake mbao zililia taratibu, kama za mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Hakutazama juu. Na Mulei hakuamka.

Baada ya mazishi hakuna aliyekubali kupanda ulingoni. Kwelea waliyamaliza mashamba ya majirani. La Kalunde hawakuligusa. Alivuna kila suke, watoto wakala, naye hakuimba hata mara moja kama wanawake wanavyoimba wakivuna.

Mavuno yalipokwisha, shemeji yake Nzioka alipanda na shoka kuubomoa ulingo. Akashuka bila kuukata.

"Panda ujionee," akaninong'oneza, nami nikapanda.

Kwenye vumbi la mbao zilikuwepo nyayo mbili za buti, visigino vimeungana, zimeelekea shambani.

Mulei tulimzika miguu mitupu.