Sauti Iliyoita Mara ya Pili

Kasuku aliposema “Delmira” kwa mara ya kwanza, wote jikoni walicheka, isipokuwa Delmira mwenyewe, ambaye aliendelea kumenya mihogo.

Alikuwa kasuku mkubwa mwekundu, mmoja wa wale waliookotwa wakiwa makinda na kulelewa kwa mkono pale kwenye kambi ya watalii, asitake tena kurudi msituni. Wageni waliovuka bahari kuja kutazama wanyama walimpenda kuliko hao wanyama waliowafuata. Wafanyakazi walimwita Wakili, kwa sababu alisema bila kuulizwa. Aliiga pampu ya maji, aliiga filimbi ya mashua, aliiga mama mmoja Mjerumani aliyekuta buibui kitandani.

“Jina keshalijua,” alisema Robinson, kaka yake Delmira, aliyekuwa akiwaongoza wageni msituni. “Kesho atakuposa.”

“Aje na samaki,” alisema Delmira.

Kasuku akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mvuta tumbaku kali, kisha akaita tena, safari hii akilivuta jina mwishoni: “Delmiraaa.” Hapo Robinson akaacha kucheka. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akikohoa na kuita hivyo, naye ni Eusebio, mume wa Delmira, aliyeingia msituni msimu wa kuokota kokwa na hakutoka. Katika familia wapo wanaobisha, wakisema huenda ndege alimsikia Eusebio akiwa bado hai. Lakini Eusebio alipotea katika mvua za mwaka ule, na makinda waliletwa kambini mvua za mwaka uliofuata. Wakili alikuwa hajaanguliwa.

Delmira hakumlilia mumewe. Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Watu walipomtafuta Eusebio mpaka mto ukafurika, yeye aliwapikia. Walipokata tamaa, aliosha vyungu. Tangu hapo aliishi kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, asiyejua kuwa ni wake mpaka autazame. Wageni walimsifu kwa utulivu.

Watoto wa mto ule hufundishwa jambo moja kabla hawajajua kupiga kasia. Ukisikia unaitwa msituni, usiitike. Subiri. Binadamu hataridhika, ataita tena. Jini wa msitu huazima sauti ya mtu unayempenda, lakini huliita jina mara moja tu, kwa sababu hajapewa ya pili. Ukimwitikia, umekwenda. Kwa hiyo watu wa pale, hata wakiitwa na mama zao kula, huonekana wazito wa kuitika, na wageni huwadhania viziwi.

Jioni ile Robinson alimfuata dada yake kwenye kamba ya nguo.

“Umelisikia jina lako mahali pengine?” aliuliza, sauti ikiwa chini.

“Wapi?”

“Usinizungushe, Delmira.”

Akabana shuka kwanza. “Nyuma ya matangi ya maji. Mchana, wageni wakiwa wamelala kwenye bembea.”

“Lini?”

“Kila siku.”

“Mara ngapi?”

“Moja. Kaka, mimi si mtoto. Siitiki.”

Robinson akatazama matangi. Wakili alikuwa juu ya tangi moja, kichwa ameinamisha upande, akiuelekea msitu, kama mwanafunzi anayesikiliza somo.

Siku iliyofuata Robinson alisingizia tumbo, akawakabidhi wageni kwa mwenzake, akabaki jikoni. Mchana ulipotulia, joto likiwa limelala juu ya paa na wageni wamelala chini yake, pampu ikanyamaza, kisha wadudu wakanyamaza, kisha ikaja harufu ya tumbaku iliyolowa na udongo mbichi, si kwa upepo, maana upepo haukuwepo, bali taratibu kutoka chini, kupitia nyufa za mbao za sakafu, mpaka Robinson akaihisi kwenye ulimi, na ndipo nyuma ya matangi mtu akakohoa, akaita kwa sauti ya Eusebio, ile ile aliyokuwa akiitumia akirudi na mzigo na kutaka afunguliwe mlango: “Delmiraaa.”

Kisu cha Delmira kilisimama. Akasubiri kama alivyolelewa. Robinson naye akasubiri, akihesabu pumzi zake, na alipoanza kudhani yamekwisha, Wakili, juu ya boriti, akakohoa na kuita: “Delmiraaa.”

“A...” alianza Delmira.

Robinson aliruka meza akamziba mdomo. Dada yake hakupigana naye. Alisimama tu, midomo ikiendelea kusogea chini ya kiganja, mpaka wadudu wakaanza tena kulia.

“Ulitaka kuitika,” alisema Robinson.

“Kaita mara mbili.”

“Ya pili ilikuwa ya ndege.”

“Najua,” alisema Delmira. “Mimi najua. Mdomo haujui.”

“Na wewe unataka nini?”

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa kama chumvi inatosha. “Sijui, kaka. Sisikii kitu.”

Bibi Isaura, mganga aliyeishi mtoni upande wa juu, aliletwa kwa mashua. Alimkalisha Delmira kwenye ngazi, akampulizia moshi wa kiko kichwani na kifuani, akaimba kwa mluzi ule mwembamba wa waganga, kisha akamvuta Robinson pembeni.

“Jini hana mara ya pili,” alisema. “Ninyi mmemfugia ya pili.”

“Nimnyonge ndege?”

“Ukimnyonga utakuwa umemwaga damu bure, mwanangu. Hajui anachokisema. Mwondoe masikioni mwa dada yako tu. Na mwenyewe usimwache peke yake. Mtu anayeogopa hufunga mdomo mwenyewe. Huyu haogopi.”

Meneja, Bwana Ledesma, mtu wa mji mkuu, hakutaka kusikia. Wakili alikuwa amechorwa kwenye fulana za kambi. “Robinson, wewe umesoma,” alisema. “Niwaambie wageni nini? Kwamba ndege anamtongoza mpishi?”

Basi Robinson alimwiba. Alimfunika kwa gunia, akashuka naye mto siku nzima, akamwachia mbali kabisa, mtoni upande wa chini, mahali makundi ya kasuku wa mwituni hulala. Ndege alizunguka mara moja juu ya mashua, akaita jina la Delmira, akaelekea kwenye miti. Robinson alirudi akasema tai kamchukua. Bwana Ledesma aliwatangazia wageni kwa huzuni, na mgeni mmoja akalia.

Mchana ukapita, na mwingine. Nyuma ya matangi sauti iliita mara moja, na hakuna aliyeimalizia. Delmira alisimama kidogo, akasubiri, kisha akaendelea na kazi. Wiki zilivyokwenda hata sauti ikawa ya mbali, na Robinson akaanza tena kumtania, kwamba sasa mchumba kamkimbia. Hata hivyo hakusahau alichoambiwa. Hakutaka abaki jikoni mchana bila ndugu. Akamwomba Bwana Ledesma ampe Delmira kazi ya kuwahudumia wageni kahawa wanapopelekwa kwenye ukingo wa udongo, ili siku nzima awe karibu naye.

Ukingo ule ni ukuta mrefu wa udongo mwekundu kando ya mto, ambako kasuku hushuka asubuhi kula udongo wenye chumvi. Wageni hukaa ng'ambo, kwenye kibanda cha makuti, na darubini zao. Wengine katika familia husema ilikuwa mwezi wa Julai. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha mashua kukwama mara mbili njiani, kwa hiyo huenda ilikuwa Agosti.

Kasuku walikuja wawili wawili, kama kawaida, wakazunguka, wakajaa kwenye miti, na walipoona pako salama wakaushukia ukuta mpaka udongo haukuonekana tena, ni wekundu mtupu unaotikisika na kupiga makelele. Wageni walinong'ona kwa furaha. Kisha kelele zikakatika zote pamoja. Upande wa juu wa ukuta ndege mmoja akakohoa, akaita, “Delmiraaa,” na kabla Robinson hajaondoa jicho kwenye darubini, ndege wa chini ya yule akaita, kisha wa kando yake, kisha wengine kumi, ndege wa mwituni ambao hawajawahi kushikwa na mkono wa mtu, wakipokezana jina lile kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho na kulirudisha tena, wote kwa sauti ya Eusebio, wote wakikohoa kwanza, mpaka mto wenyewe ukawa kama unaita.

“Wanasema nini?” aliuliza mgeni mmoja, akicheka.

Robinson alikuwa tayari anakimbia, akiwakanyaga watu miguu. Delmira alikuwa mwisho wa kibanda. Aliiweka chupa ya kahawa chini, akajifuta mikono kwa aproni, kama mwanamke aliyeitwa kutoka uani.

“Abee,” alisema, kwa sauti ya kawaida.

Kasuku wote wakaruka kwa pamoja. Wageni wakapiga makofi.

Hakuna lililotokea. Delmira akaokota chupa, akawamiminia waliokuwa hawajapata. Ndani ya mashua Robinson alimshika mkono njia nzima, na ulikuwa na joto. Usiku Delmira alipika, akala, akalala. Bibi Isaura alipoletwa tena alimpulizia moshi mara moja tu, akautazama unavyopita, kisha akakung'uta kiko chake.

“Mama, endelea,” alisema Robinson.

“Nimpulizie nani?”

Asubuhi iliyofuata Robinson alisimama mlangoni mwa jiko. Dada yake alikuwa akifunga samaki kwenye majani.

“Delmira,” aliita.

Hakugeuka. Robinson akasubiri, kama wanavyosubiri watu wa kwao, kisha akaita tena, kama anavyoita binadamu.

“Delmira. Ni mimi, kaka yako.”

Mikono iliendelea kufunga. Juu ya paa kasuku wawili walikuwa wakipita kuelekea kwenye ukingo, mabawa karibu kugusana, kama wanavyoruka waliooana. Mmoja akakohoa. Mwenzake akaitika, “Abee.”