Cheche Inayowahi

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, mshonaji humwagilia nyanya. Bustani iko nyuma ya nyumba, inateremka hadi kwenye kijito. Pampu ya petroli imekaa ukingoni. Mshonaji huvuta kamba, pampu huwaka, maji hupanda. Mumewe huondoka mapema kwenda kazini, kwa hiyo kuwasha pampu ni kazi ya mke.

Wiki ile nyanya zilikuwa zimejaa maua. Ua la nyanya likikosa maji hudondoka, na ua likidondoka hakuna nyanya. Mshonaji alilijua hilo vizuri.

Siku ya mapumziko mumewe alibadilisha platini za pampu. Platini ni vile vipande viwili vidogo vya chuma ambavyo vikiachana, plagi hutoa cheche. Mume huyu ni seremala. Watu humwita Bingwa, kwa sababu hakuna kitu asichokijua, hasa vile asivyovijua.

Kesho yake mshonaji alivuta kamba. Badala ya kuwaka, pampu ilimnyang'anya kamba na kuirudisha kwa nguvu. Akajaribu tena. Safari hii kifundo cha mkono kilivutwa mpaka akaona nyota, akajikuta amekaa kwenye tope. Mkono huo ndio unaoshika mkasi. Aliogopa, na hasira zikampanda. Akaanza kubeba maji kwa ndoo, lakini hakufika hata nusu ya bustani.

Jioni alimngoja mumewe mlangoni.

"Baba watoto, pampu yako inapiga watu."

"Unavuta kivivu, mama watoto. Vuta kwa nguvu."

"Haya, twende ukavute wewe."

Bingwa alivuta. Kamba ikamrudisha, akapepesuka na kukaa kwenye tope lilelile. Mshonaji alijikaza asicheke, ikamshinda.

"Mimi namwita Mwalimu," alisema.

Mwalimu ni jirani yao. Anafundisha mambo ya injini katika chuo cha ufundi. Alikuja na bisibisi na koleo tu.

"Hebu niambie, bwana," alimuuliza Bingwa, "wakati wa cheche uliupanga vipi?"

"Nilitumbukiza spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi. Spoku ilipofika juu kabisa, nikajua pistoni iko kileleni. Halafu nikasogeza platini kwa kukadiria. Jicho langu halijawahi kunidanganya."

"Limeanza leo," alisema Mwalimu. "Pistoni ikikaribia kilele hupanda polepole mno. Gurudumu la injini linazunguka, spoku inaonekana imetulia. Huwezi kujua kilele ni wapi hasa. Sasa cheche yako inawahi. Moto unawaka mapema, unairudisha pistoni chini kabla haijafika juu. Ndiyo maana kamba inavutwa kinyume."

"Basi tutafute kipimo dukani."

"Vipo, lakini hapa nyumbani tunaweza kutengeneza. Shemeji, una boksi gumu?"

Mshonaji alikuwa nalo. Alichomeka sindano katikati ya boksi, akafunga uzi na penseli, akachora duara safi. Kwa kipimapembe cha watoto aliandika digrii kuzunguka ukingo wote, kisha akalikata. Bingwa naye alichukua plagi mbovu, akatoa kaure yake ya ndani, ule udongo mweupe mgumu, na kuingiza bolti. Ncha ya bolti aliipiga msasa ikawa laini, isije ikakwaruza pistoni.

Mwalimu alifunga petroli na kutoa plagi, ili injini isiweze kuwaka. Akakaza duara la boksi kwenye gurudumu zito la injini, akakunja waya kuwa mshale na kuufunga kwenye mwili wa injini, ncha ikielekea duara. Mwisho akafunga ile plagi yenye bolti kwenye tundu.

"Hiki ni kizuizi. Zungusheni kwa mkono, taratibu. Kamba msiiguse."

Gurudumu lilizunguka, pistoni ikagusa bolti, likasimama. Mshonaji akatia alama penye mshale. Wakalizungusha upande wa pili mpaka likasimama tena. Akatia alama nyingine.

"Kilele kiko wapi?" aliuliza Mwalimu.

Bingwa alifungua mdomo, lakini mkewe alishatoa utepe wake.

"Katikati ya alama hizi, upande huu mfupi ambao pistoni imezuiwa kufika," alisema. "Ni kama kutafuta katikati ya mgongo wa gauni. Napima kutoka mshono hadi mshono, nakunja utepe mara mbili."

"Hapohapo, shemeji."

Wakatoa kizuizi. Wakaleta ile katikati kwenye mshale, kisha wakalegeza duara na kuweka sifuri yake hapo. Mshonaji akafuta grisi kwenye kibandiko cha injini. Kilisema: digrii ishirini kabla ya kilele.

Mwalimu alibana karatasi nyembamba kati ya platini. "Ivute kidogo huku nikizungusha gurudumu kufuata mzunguko wake," alimwambia Bingwa. "Ikichomoka, platini zimeachana, na hapo ndipo cheche inapotoka."

Karatasi ilichomoka kwenye digrii thelathini na tano.

"Kumi na tano zaidi," alisema Bingwa kwa sauti ndogo.

Walisogeza platini na kupima tena, mpaka karatasi ikachomoka kwenye ishirini.

"Na pampu nyingine nazo ni ishirini?" aliuliza mshonaji.

"Kila injini ina namba yake. Soma ya kwako, usiige ya jirani."

Walitoa duara na kurudisha plagi. Bingwa akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Acha," alisema mkewe. "Kesho asubuhi nitakuwa peke yangu. Nataka nivute mimi."

Kifundo bado kilimuuma. Alishika kamba kwa mkono wa pili, akavuta. Pampu iliwaka, na kamba ikarudi taratibu mahali pake. Maji yakapanda mpaka safu ya mwisho. Mshonaji alisimama katikati ya maua yake, amefurahi sana.

Mwaka ule walivuna nyanya hadi wakachoka kuchuma. Siku moja jirani mwingine alileta injini yake yenye kamba inayopiga mikono. Akamwomba Bingwa aivute tu, aone.

Bingwa alificha mikono mifukoni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mama watoto hajapima."