Bahasha Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Jambo la mwisho la kawaida lililomtokea yule mpima ardhi lilikuwa kununua sabuni.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeanza kulegea. Alikuwa ameteremka kwenye treni na begi dogo, mswaki mmoja, na mfukoni penseli iliyochongwa vizuri. Sabuni aliisahau. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kufungasha sabuni. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe.

"Ya kunukia, au ya kuogea tu?" mwenye duka akamuuliza.

"Ya kuogea tu."

"Mzee, shati lako limepigwa pasi upande wa mbele peke yake. Uko mwenyewe mjini, sivyo? Chukua ya kunukia. Mungu hajafunga duka."

Mpima ardhi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, wiki saba nyuma, na kilimuuma mbavuni. Akachukua ya kunukia, akavuka barabara, akaketi kwenye ukuta mfupi wa stesheni na kutoa ile bahasha.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hakuwa na imani na gundi. Alikuwa ameishona bahasha pande zote nne kwa uzi mwekundu, mishono midogo, iliyolingana kama meno ya mtoto.

Wawili hao walikuwa na desturi yao. Kila mwaka, siku mbili katika jiji kubwa, bila ndugu, bila simu za kazini. Mwaka mmoja anapanga mume, mwaka wa pili anapanga mke. Mpango unatiwa ndani ya bahasha na kufunguliwa hukohuko safarini. Sheria ilikuwa moja: asiyepanga haulizi. Mwaka uliopita alipanga yeye, akaandika mpaka dakika za kunywa chai, na mkewe akamwambia, "Mpenzi, umepanga mapumziko au umepima kiwanja?"

Mwaka huu ilikuwa zamu ya mke. Alimkabidhi bahasha mapema. Kisha, siku mbili kabla ya safari, akasema, "Tusiende. Nirudishie bahasha yangu."

"Asiyepanga haulizi, na aliyepanga hanyang'anyi," mumewe alimjibu, akaificha katika sanduku la vifaa vyake vya kupimia. Alidhani ni mchezo. Alipoona si mchezo alikasirika, maana ruhusa kazini aliipata kwa kubembeleza, akamwambia mkewe neno ambalo tangu siku hiyo hajalirudia hata moyoni.

Mwezi haukuisha mke akawa kitandani hospitalini. Ugonjwa wake yeye aliujua zamani. Mume aliusikia kwa daktari, kwenye korido. Na kila siku mgonjwa aliuliza swali lilelile.

"Ile bahasha?"

"Nimeichoma," alimwambia mwishowe, ili apumzike.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mkewe akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Siku ya tatu akafa.

Sasa mume alikata uzi kwa wembe, mshono baada ya mshono. Ndani mlikuwa na karatasi moja, mwandiko wa duara anaoujua.

*Mpenzi, si minara, si makumbusho, si zile hoteli zenye picha za kuuza. Nataka jiji ambalo wageni hawaoneshwi. Moja: kinyozi nyuma ya stesheni, kiti cha pili. Mbili: fundi nguo, ghorofa ya nne, mlango usio na namba, mwache akupime suti. Tatu: nyumba ya wageni mkabala wake, chumba cha mwisho. Nne: jua likishazama nitagonga. Usiulize ni nani. Sema tu: ingia, changu ni chako.*

Akaisoma mara mbili. Akachomoa penseli.

Kinyozi alikuwa mnene, mwenye mdomo. Kwenye kiti cha kwanza alikaa dereva wa lori akinyolewa ndevu.

"Kiti cha pili," mpima ardhi akasema.

"Eh! Hatimaye!" Kinyozi akapiga kitambaa hewani. "Mkeo alisema una kisogo cha ukaidi. Nikamwambia, mama, visogo vyote ni vikaidi, ndiyo maana vimegeuka nyuma."

Dereva akacheka mpaka povu likamwingia puani.

Alinyolewa vizuri. Kazi ilipokwisha, kinyozi aliacha ufagio ukutani, akachuchumaa, akaziokota nywele kwa vidole. Zote. Hata ile moja iliyodondokea kiatuni. Akazifunga ndani ya karatasi nyeupe, akaikunja mara nne.

Dereva wa lori hakucheka tena. Alikuwa akitazama dirishani.

Asiyepanga haulizi. Mpima ardhi akatia alama ya penseli kwenye *moja*.

Ngazi za ghorofa ya nne zilinuka mafuta ya cherehani. Harufu ile ilimpiga kifuani. Ilikuwa harufu ya shingo ya mkewe saa za jioni. Alipanda akiwa ameshika ukuta.

Mlango usio na namba ulikuwa wazi. Fundi alikuwa mzee mkavu, hana mkanda wa kupimia shingoni. Alikuwa na uzi tu. Mwekundu.

"Simama wima, baba. Visigino pamoja."

Hapo ndipo jambo moja lilipomchoma mpima ardhi, si kwa hofu, kwa wivu. Mkewe alikuwa na vipimo vyake vyote kichwani. Alimshonea mashati miaka kumi na minane bila kumpima. Iweje ampeleke kwa fundi mwingine?

Mzee hakupima mabega. Hakupima kiuno. Aliweka ncha ya uzi utosini, akaushusha mgongoni mpaka sakafuni, akaukata.

Akapima kifua kwa upana, mara moja. Akakata.

"Huandiki?" mpima ardhi aliuliza. Maisha yake yote alikuwa hajaona kipimo kisichoandikwa.

"Niandike ya nini? Hii haijaribiwi mara mbili."

"Na mifuko? Ndani napenda miwili."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mtu aliyezoea.

"Hii haina mifuko, baba."

Nje, taa za barabarani zilikuwa zinawaka moja moja.

Alivuka barabara. Nguo isiyo na mifuko anaijua kila mtu aliyewahi kuzika. Alijiambia kwamba ni mzaha wa mafundi. Akajiambia tena. Nyumba ya wageni ilikuwa na mlango mzito wa mbao na mama mmoja mapokezi, miwani puani, akimenya chungwa.

"Karibu, baba. Chumba cha mwisho." Akalifungua daftari kubwa, akaligeuza. "Ameshakuandikieni. Tarehe tu ndiyo aliyoiacha wazi."

Ulikuwa mwandiko wa mkewe.

*Wanaoingia: 2. Wanaotoka: 1.*

"Kuna kosa hapa," alisema polepole. "Hesabu haifungi."

"Hata mimi nilimwambia. Akasema yeye ni fundi, hakosei vipimo." Mama akaweka kisu chini. "Wiki chache baadaye alirudi akilia. Akanishika miguu, nimfutie. Nikamwambia, mwanangu, daftari hili halifutwi. Lakini mumeo asipokuja na bahasha, ni wino tu. Akasema ataichoma."

Mpima ardhi alishika ukingo wa meza.

"Alikuwa anaumwa," mama akaendelea, kwa sauti ya chini. "Mtu anayeumwa hupewa njia hii na mwingine aliyeumwa. Nywele, kimo, na neno. Neno lazima ulitoe mwenyewe, kwa hiari. Ukilisema, siku zako zilizobaki zinakuwa zake. Asubuhi anatoka yeye."

"Mke wangu amekwisha kufa."

"Najua. Ndiyo maana nimeshangaa kukuona."

"Nikiondoka sasa hivi?"

"Mlango haujafungwa. Lakini nywele umeshatoa, na kimo umeshatoa. Kokote utakakolala leo, atagonga. Hapa angalau mbao ni nene."

Akachukua ufunguo. Tuseme ukweli: miguu yake haikutaka kuondoka. Alikuwa ameambiwa kwamba mkewe atabisha hodi. Hofu ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake.

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa, mito miwili, karo ya kunawia. Akaweka sabuni ya kunukia kwenye karo. Akafunga komeo. Akaketi.

Mwanga wa mwisho ukatoka dirishani.

Hatua... kwenye korido. Nyepesi. Mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, kama ulivyoburuta wiki za mwisho.

Ikaja harufu. Mafuta ya cherehani. Chini yake, dawa ya kusafishia sakafu za hospitali.

Hodi mbili. Kimya. Hodi moja.

Ndivyo alivyogonga siku zote.

"Uliniambia umeichoma."

Sauti ilitokea chini, usawa wa kitasa, kama ya mtu aliyepiga magoti.

Uongo ule hakuusikia mtu mwingine duniani. Walikuwa wawili tu, yeye na mgonjwa.

"Nilikudanganya," akanong'ona.

"Najua. Nilikuwa nimeshalala. Umeniamsha."

"Ulitaka kuniua."

"Nilitaka kuishi. Nilitaka hivyo siku tisa tu. Siku ya kumi nilikutazama unachonga penseli zako, nikashindwa."

Alilia bila sauti, kiganja kimeziba mdomo.

"Sikiliza, Mzee wa Mita," ile sauti ikasema, na hilo ndilo jina alilomwita walipokuwa peke yao. "Usilitamke lile neno. Nitaliomba. Usinipe. Nikiingia humo siwezi kutoka mikono mitupu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niapie."

"Naapa."

Chini kabisa mtu alifungulia bomba, akalifunga.

Kisha, polepole, kucha zikaanza kupapasa mbao.

"Mume wangu..."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna baridi huku."

Akachukua taulo, akaling'ata. Ni maneno ambayo mkewe aliyasema kila alipotaka kumnyang'anya blanketi. Aliyasema kwa sauti ileile, ya kudeka kidogo.

"Hata kusimama siwezi. Nisogelee mlangoni basi. Weka mkono tu."

Akauweka mkono. Mbao ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na upande wa pili akahisi kiganja kidogo kikilingana na chake, kidole kwa kidole.

"Umeniapia, sivyo?" ikauliza. "Wewe na viapo vyako. Uliniapia umeichoma. Unakumbuka ulichoniambia siku niliposema tusiende?"

Alitikisa kichwa gizani.

"Nikumbushe."

Akazidi kuling'ata taulo.

"Basi nikukumbushe mimi. Ulisema, 'Wewe kila kitu unakiharibu.' Ulikuwa unakunja mashati. Hukunitazama. Mimi nilikuwa nimetoka kukuachia uhai wako, nusu saa haijapita... na wewe ukaniambia kila kitu nakiharibu."

Kucha zikakwaruza, kwa nguvu sasa.

"Nilikupa siku zako zote. Nipe moja. Sema ingia. Neno dogo tu... Wewe ni mwanamume wa aina gani, mkeo anapigwa na baridi nje na wewe umeshika taulo?"

Alijuaje kuhusu taulo?

Iliendelea hivyo mpaka kulipopambazuka. Ikabembeleza. Ikatukana, matusi ambayo mkewe hakuwahi kuyajua. Ikaimba kidogo. Mwishoni ikalia tu, kilio cha mtu aliyesahauliwa uani akiwa mtoto, na hicho kilikuwa kibaya kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa cha mkewe hasa. Mpima ardhi alikaa chini, mkono mlangoni, taulo mdomoni, akakitimiza kiapo.

Majogoo yalipowika mbali, ile sauti ikasema mara moja, kwa upole kabisa:

"Ahsante."

Baada ya sekunde chache ikaongeza:

"Mbwa wee."

Hatua zikaondoka, mguu wa kushoto ukiburuta.

Asubuhi alinawa uso kwa sabuni ya kunukia. Alifungua mlango. Upande wa nje, usawa wa kitasa, mbao ilikuwa imekwaruzwa mistari myembamba, midogo, iliyolingana. Mishono. Aliihesabu, kwa mazoea, kisha akaona hana haja ya jumla yake.

Mama alikuwa mapokezi, na chungwa jingine. Alimtazama mgeni wake kutoka utosini hadi miguuni, akasogeza kibiriti juu ya meza.

"Umekuwa na moyo mgumu, baba. Wengi hawafiki asubuhi. Ichome sasa, uende zako. Ikishakuwa majivu hatagonga tena. Hatagonga kamwe."

Mpima ardhi akatoa bahasha. Akawasha njiti. Akaitazama njiti ikiwaka mpaka ilipokaribia vidole, na akaizima kwa pumzi.

"Hatagonga kamwe?" akauliza.

"Kamwe."

Akairudisha bahasha mfukoni, upande wa moyo. Akamwomba mama sindano na uzi, kama anao mwekundu. Kisha akalivuta daftari, akachomoa penseli, na chini ya mwandiko wa mkewe, kwa herufi zake zilizonyooka, akaandika tarehe ya Jumamosi inayofuata.

*Wanaoingia: 2.*

Mahali pa wanaotoka akasita kidogo, penseli juu ya karatasi. Halafu akaandika *1*, kama mkewe, akakandamiza, ili isifutike.