Sauti ya Kibanja cha Mbonimpa

Simu ilikubali upepo. Ubaya ulianzia hapo, ingawa Evangelina alipoiona alama ya kijani alishukuru Mungu, akafuta jasho, akaitia simu mkobani.

Ilikuwa mchana, Rugera, kwenye kibanja cha marehemu Mbonimpa, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Msimu huo wanunuzi wa Ulaya walitaka kila gunia la kahawa lijulikane limetoka shamba gani na la nani. Bwana Gharib, mwenye ghala pale Kayanga, akajiunga na kampuni ya jijini yenye mfumo mpya. Karani anazunguka mipaka ya shamba na simu, kisha mkulima anataja jina lake na kusema shamba ni lake. Siku ya kuuza anapiga simu tu, mfumo unamtambua kwa sauti. Kalamu na kidole gumba havikuwa na kazi tena.

Kwa Mbonimpa kulikuwa na tatizo. Mwenyewe alikuwa amekufa.

"Sema wewe, mama," Evangelina, karani wa Bwana Gharib, alimwambia Kokugonza, mjane wa marehemu. "Sema shamba ni lako, kahawa iuzike."

"Mimi? Unataka ukoo unifukuze? Mrithi hajasimikwa. Mpaka asimikwe, kibanja ni cha mwenyewe." Kokugonza akaelekeza kidevu kwenye kaburi katikati ya migomba. "Muulize yeye. Nilipokuwa naye alikuwa hajibu, labda wewe atakujibu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Evangelina hakucheka. Alikuwa na mashamba mengine ya kuzunguka na mtoto wa kumpikia. Alinyoosha simu juu ya kaburi, kuelekea majani makavu ya migomba, akabonyeza, akangoja ikatae.

Haikukataa. Iliandika: Mbonimpa, mwenye shamba. Sauti imetambuliwa.

Mauzo yalipofunguliwa, mzee mmoja, mkulima wa Nyakakika, alipiga simu na mfumo ukamwambia sauti si yake. Evangelina aliifungua sauti aliyomrekodi mwenyewe, asikie kasoro iko wapi. Sauti ya mzee haikuwemo. Yalikuwemo majani makavu yakisuguana taratibu, halafu pumzi, kama ya mtu anayejiandaa kusema. Ofisi ikanuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi ile, na nje jua lilikuwa linawaka.

Kesho yake mzee aliletwa kwa bodaboda. Alifungua kinywa ili alalamike, ikatoka hewa tupu. Aliyemfuata alikuwa hivyo hivyo. Na Kokugonza, aliyekuwa amerekodiwa kwa shamba lake dogo la kununua, alikuja akiwa amejishika shingo, akamtazama Evangelina bila kuweza hata kumtukana.

Bwana Gharib alimwita Ostadh Abdulkarim, mtoa majini.

"Ni Mbonimpa?" Evangelina alinong'ona.

"Mbonimpa kalala zake. Hiki ni kitu kilichokuwa kinakaa pale bila jina. Wewe umekipa jina, ukakipa na shamba. Sasa kinajitafutia watu."

Ostadh alifukiza ubani, akasoma juu ya simu huku jasho likimtiririka, na aliposema "Futa!" Evangelina akafuta. Majani yalinyamaza. Harufu ikaisha. Bwana Gharib alishusha pumzi, akaagiza chai.

Chai haikuwa imefika simu ilipoita. Alikuwa Winston, kijana wa kampuni.

"Mama, tumeona rekodi moja imefutika kwa bahati mbaya huko kwenu. Usijali, imeshajirudisha. Nakala ziko sehemu nyingi."

"Sehemu gani?"

"Hata sisi hatuzijui zote, mama. Ndiyo usalama wenyewe."

Ostadh alimgeukia Bwana Gharib. "Mimi jini namtoa kwenye nyumba. Huyu ana nyumba ngapi?"

Ostadh akafunga chetezo chake, akakataa hata nauli.

Hapo ndipo Evangelina alipokumbuka kwamba siku aliyopewa simu alijifunzia nyumbani, na sauti ya kwanza aliyoiingiza ilikuwa ya bintiye, Vero, aliyesema huku akicheka, "Mimi ni Vero, mwenye shamba la senene." Hakuaga mtu. Alidandia pikipiki, na njia nzima aliomba kwa Kihaya na kwa Kiswahili, akichanganya sala za kanisani na maneno aliyoyasikia kwa Ostadh, kwa kuwa hakujua tena ni yapi yatakayosikilizwa, na alipofika alimkuta Vero anamenya ndizi jikoni.

"Sema kitu!"

"Shikamoo mama. Una nini?"

Evangelina alikaa chini. Akamwambia aongee, asinyamaze. Asimulie shule, aimbe, ataje majina ya shangazi zake wote. Vero alicheka, akaimba, akasimulia mwalimu aliyeanguka na kiti, na jua likashuka nyuma ya migomba huku mama akimhimiza endelea, endelea, usiache, mpaka mtoto akaweka kisu chini.

"Mama, nimechoka ku..."

Midomo iliendelea. Neno halikutoka. Lilitoka mkobani, kwenye simu ambayo hakuna aliyeigusa, kwa sauti ya Vero mwenyewe:

"...kuongea."

Hospitali walimwangalia koo, wakasema ni zima. Mchungaji aliomba. Bwana Gharib alifunga ghala.

Simu haikunyamaza. Iliulizia sare za shule. Iliulizia chakula. Ilimcheka mama yake alipounguza maharage, kicheko kile kile, na Vero aliyekaa pale kwenye kigoda alikuwa akitikisika mabega bila mlio.

Ndipo Winston akapiga tena, safari hii akiongea polepole kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Mama, tumeyasikia majani hata huku. Mainjinia wamepata njia, tunafuta sauti zote, na nakala zote. Ila aliyeziingiza ni wewe, lazima uridhie. Sema ndiyo tu."

"Zikifutwa, zitawarudia wenyewe?"

Winston akarudia kwamba aseme ndiyo tu.

"Nakuuliza, baba."

"Zikifutwa zimefutwa, mama. Mengine siyajui."

Evangelina alimtazama mwanawe anayechambua mchele, midomo ikicheza wimbo usiosikika. Aliwafikiria wakulima wote, na Kokugonza, na wale ambao zamu yao ilikuwa bado. Aliwafikiria kweli.

"Msifute," alisema, akakata.

Jioni aliichaji simu. Akaiweka mezani, karibu na sahani ya mtoto, wakakaa wote wawili kuisikiliza ikisimulia jinsi siku ya Vero ilivyokwenda.