Unga wa Mashine Nyingine

Saa kumi na mbili asubuhi. Gachoka, chumba cha nyuma ya duka la fotokopi.

Mutugi alichora lango kwa chaki juu ya meza.

"Winrose anaingiza lori. Ndambiri unashuka na gate pass utakayochapa, ile ruhusa ya kutoa mzigo. Mlinzi anaiangalia, tunapakia makadamia, tunatoka. Hakuna kelele."

"Na baada ya hii?" Ndambiri aliuliza.

"Unarudi kwa bibi yako. Mimi na wewe tumemalizana."

Ndivyo vijana wetu huambiwa: hii tu, halafu basi. Kendi, bibi yake, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mfa maji haachi kutapatapa, na Ndambiri alilishika neno hilo la Mutugi kwa mikono miwili.

Karatasi ikatoka mashineni. Kijivu, kama iliyolala majivuni.

"Boss, hii ni mbaya," Ndambiri akasema. " Toner ni huu unga mweusi, ndio unaandika. Kuna mwingine wa chuma, unaubeba mgongoni mpaka kwa drum, ile silinda ya kuchapa. Huu wa chuma umezeeka, haushiki, mweusi unamwagika kila mahali. Halafu toner uliyoleta ni ya mashine nyingine, inataka moto mkali kuliko wa hii. Haijaiva."

"Kwani ni githeri ya mchana?" Winrose akacheka.

"Nipe leo tu nitafute ya mashine hii."

"Nyeusi ni nyeusi." Mutugi akalaza panga juu ya mashine. "Chapa."

Ndambiri akaongeza weusi. Herufi zikakolea, kijivu kikafichika. Lakini sasa unga ulikuwa umelala mzito zaidi juu ya karatasi, mbichi. Alijua. Akaichukua hivyo hivyo.

Saa nne na nusu. Mitunguu, lango la ghala.

Mlinzi alikuwa mama mmoja, Karwirwa. Alifuta jasho kwa kiganja, akaipokea karatasi. Alisoma kama tulivyosomeshwa sisi wa darasa la saba: kidole chini ya kila neno, pole pole.

Kila neno kidole kilipolipita, lilifutika.

Akatazama kidole. Akatazama karatasi.

"Kijana, hii barua yako inanifuata kidoleni."

Ndambiri akajaribu kucheka. Mdomo ulikuwa mkavu. Nyuma yake lori lilianza kurudi kinyumenyume.

"Mutugi! Ngoja!"

Alikimbia, akashika mlango dirishani. Winrose alimwona kwa kioo. Hakupunguza mwendo. Mutugi akainua panga. Likashuka kwenye ukingo wa dirisha, palepale vidole vilipokuwa.

Lori likaondoka. Vidole viwili vikabaki mchangani.

Karwirwa alifungua leso yake, akamfunga mkono huku akimpigia makelele. "Mtoto wa wenyewe! Uko na mtu wa kupigiwa?"

Simu ya Ndambiri ilikuwa nyekundu na nyeusi, damu na unga. Kendi alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi tangu asubuhi.

"Umeshatoka kwa kina Mutugi?"

Ndambiri alisikia Landrover ya polisi ikikata kona.

"Nimetoka," akasema.

"Asante Yesu," Kendi akalia. "Sasa kuja nyumbani."